Afisa wa Vita, Mfumaji wa Sweta, na Sisi wa Sepuka

Palikuwapo katika miji ya kati ya Uingereza, Leicester na Nottingham hasa, kwa muda wa vizazi kadhaa, namna ya mtu ambaye sisi wa nchi hii hatujapata kumwona kwetu. Alizaliwa katika nyumba ya wafumaji wa soksi, fulana na masweta. Akarithi kiwanda kwa baba yake, ambaye naye alikirithi kwa babu. Vita vilipozuka akavaa sare ya afisa, akaongoza kikosi katika matope na risasi. Na kama Mungu alimjalia uhai akarudi, akavua sare, akaketi tena mbele ya daftari la bei ya nyuzi na ijara za wafumaji. Nimesoma habari za watu wa namna hiyo kwa miaka mingi, na kila nisomapo swali huwa lile lile: kwa nini Sepuka, kata yetu hii ya wilaya ya Ikungi, Singida, ambayo haikosi wastaafu wa jeshi wala haikosi baridi ya kuhitaji sweta, haijapata kutoa mtu aliyekusanya kazi hizo mbili katika maisha yake? Jawabu langu ni kwamba kwa babu zetu milango miwili ilifungwa kwa makusudi, uafisa na uenye kiwanda. Mmoja tuliufungua wenyewe kwa ushujaa, na wa pili tumeuacha umefungwa hata leo, ilhali ufunguo wake umo mikononi mwetu.

Kazi ya kufuma kwa mashine ilianza kwa mtu mmoja na watu wa nyumba yake. Mwaka 1589 William Lee wa Calverton, kijiji kilicho jirani na Nottingham, aliunda mtambo wa kwanza wa kufuma soksi. Malkia Elizabeth akakataa kumpa hati ya kuulinda uvumbuzi wake, kwa hofu, yasemekana, ya kuwakatia riziki maskini waliofuma kwa mikono, na Lee akahamia Ufaransa, akafia huko kabla hajaonja faida ya akili yake. Mtambo haukufa naye. Kwa zaidi ya karne mbili uliishi ndani ya nyumba za watu, baba akifuma, mama akiunga mishono, watoto wakikunja nyuzi, na ujira wao ukiwa haba hata mwaka 1811 wafumaji wa Nottingham wakaanza kuvunja mitambo kwa nyundo, si kwa kuichukia mashine yenyewe, bali kwa kuchukia udhalimu wa mabwana waliowakodisha mashine na papo hapo wakawapunguzia bei ya kazi. Katikati ya karne ya 19 Matthew Townsend wa Leicester akabuni sindano yenye ulimi mdogo unaofunguka na kujifunga, na sindano ya namna hiyo ndiyo iliyomo hata sasa ndani ya mashine ya mkono ambayo mafundi wetu huitumia kufumia sweta la shule.

Nathaniel Corah alianza biashara yake huko Leicester mwaka 1815, na ukoo wake ukaiendesha kizazi baada ya kizazi, mpaka kiwanda chao kikahesabiwa miongoni mwa vikubwa vya kazi hiyo katika Ulaya. Mwaka 1926 kampuni ya maduka ya Marks & Spencer ilipoamua kununua bidhaa moja kwa moja kutoka kiwandani bila kupitia kwa wauzaji wa jumla, ilifunga mapatano na Corah. Namwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia: nyumba ile iliinuliwa na mashine, naam, lakini zaidi iliinuliwa na mnunuzi mkubwa aliyetoa oda mapema na kulipa kwa uhakika.

Na kwa upande wa vita, jeshi la akiba la Uingereza lilikuwa likiandikishwa kwa miji na wilaya. Kwa hiyo katika vikosi vya Leicester na Nottingham maafisa aghalabu walikuwa wana wa wenye viwanda, mawakili na wafanyabiashara wa mji, na askari wao walikuwa vijana waliotoka katika viwanda vile vile. Tarehe 13 Oktoba 1915 divisheni yao, ya 46, ilitumwa kuishambulia ngome ya Wajerumani iliyoitwa Hohenzollern, kaskazini mwa Ufaransa, na katika shambulio hilo ilipoteza watu zaidi ya 3,700, waliouawa, waliojeruhiwa na wasioonekana tena. Mtu aliyekuwa akilipa mshahara wa kijana ndiye aliyeweza kumwamuru kijana huyo huyo apande kutoka handakini. Na aliyerudi hai alirudi katika mji ambamo mjane wa kijana yule alipita mlangoni mwa kiwanda asubuhi akienda kazini. Sisemi kwamba matajiri wote wa Leicester walikuwa waadilifu, kwa maana dhuluma za viwanda vya Uingereza zimejaza vitabu. Nasema kwamba mtu aliyechukua dhamana ya roho za wenzake vitani, na kisha ya chakula chao wakati wa amani, tena katika mtaa mmoja ambamo wote wanajuana kwa majina, huwa hana pa kujificha, na kutokuwa na pa kujificha ni mwalimu mkali kuliko chuo chochote cha uongozi.

Babu zetu, katika zama hizo, walikuwa askari kwa hesabu kubwa na maafisa kwa hesabu ya sifuri. King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita KAR, iliundwa mwaka 1902, na baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika batalioni yake ya sita ikawa ya nchi hii. Katika Vita Kuu ya Pili watu wa Tanganyika takriban 87,000 waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, walipelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wengi wao walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw huko Burma, bonde la mvua, malaria na ruba, mpaka ikauteka mji wa Kalewa katika mwezi wa Desemba. Mwafrika wa Tanganyika aliweza kupanda cheo mpaka sajini meja, aliweza hata kupewa platuni aiongoze, lakini kamisheni, yaani cheo cha afisa, hakupewa. Kijana wa Kizungu aliyemaliza shule jana alimpita mtu mzima aliyekwisha vuka mito mitatu chini ya risasi. Wala haikuwa kwamba jambo hilo halimkiniki, kwa sababu katika mwaka 1942 hao hao Waingereza walimpa kamisheni Seth Anthony wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Kwetu hawakutaka.

Waliporudi, mwaka 1945 na 1946, walirudi na mabuti, makabuti mazito, masweta ya sufu yaliyofumwa katika nchi za wenyewe, na pesa za kiinua mgongo ambazo hazikudumu. Walirudi pia na maarifa: wapo waliojifunza udereva, waliojifunza simu za upepo, uuguzi, na ushonaji. Mtu wa Leicester aliyerudi kutoka Burma ile ile aliikuta benki ya baba yake ikimngoja. Mtu wa Tanganyika alikuta sheria ya kikoloni, iliyotungwa tangu miaka ya 1920, iliyozuia wafanyabiashara kumkopesha Mwafrika ila kwa ruhusa ya serikali, eti kwa kumlinda na madeni. Na mwaka 1948 ikaja sheria ya leseni za viwanda kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, iliyoweka nguo na nyuzi miongoni mwa kazi ambazo mtu hakuruhusiwa kuzianzishia kiwanda bila leseni. Nani wa Unyaturu, nchi yetu hii ya Singida, mwenye ng'ombe wanane na barua ya kuachishwa jeshi, angekwenda Nairobi kuomba leseni ya kufuma? Huo ndio mlango wa pili, nao ulifungwa kwa makomeo mawili.

Nitaje hapa mtu ambaye jina lake halitajwi kwa furaha. Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946, akawa effendi, cheo kilicho chini ya kamisheni, mwaka 1959, na mwaka 1961, uhuru ulipokaribia na Waingereza walipoharakisha kupata maafisa Waafrika wachache wa kuonyesha, yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa kamisheni. Miaka kumi baadaye Amin aliipindua serikali ya Uganda, na katika Agosti 1972 aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Takriban watu 28,000 kati yao walikwenda Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Wakaenda vivyo hivyo, wengi wakapata kazi katika viwanda vya soksi na masweta, na baadaye wako waliofungua karakana zao wenyewe za kufuma na kushona, baba, mama na watoto wakifanya kazi pamoja. Hawakupokewa kwa maua: mwaka huo huo wa 1972 wafanyakazi wa Kiasia wa Mansfield Hosiery Mills, Loughborough, waligoma kwa sababu ya kunyimwa nafasi za kazi zenye ujira bora. Walakini baada ya miaka michache wakaeneza mashine zao katika mitaa ya mji uliowakataa, na nchi yetu jirani, iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha nguo huko Jinja, ikabaki na foleni za kutafuta sabuni na chumvi. Mimi naona kisa hicho kinaeleza kitu zaidi ya ukatili wa mtu mmoja. Afisa ambaye hajapata kuwajibika kwa ujira wa watu hata kwa juma moja, hajui ni nini anachokivunja anapofunga kiwanda kwa amri ya redio.

Sisi, kwa rehema ya Mungu na kwa busara ya viongozi wetu wa mwanzo, tuliufungua mlango wa uafisa kwa heshima. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mrisho Sarakikya, kijana wa Meru aliyefundishwa Sandhurst, ambaye alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, aliyeongoza Divisheni ya 20 mpaka Kampala ikaanguka katika Aprili 1979 alikuwa David Musuguri, mwana wa Butiama aliyeandikishwa KAR mwaka 1942 kama askari wa kawaida. Maisha ya Jenerali Musuguri, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, ni ushahidi tosha kwamba mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa kwa hila tu. Mtu aliyeambiwa hawezi kuwa luteni alikuja kuwa mkuu wa majeshi ya nchi yake.

Na mlango wa pili? Hapo sina budi kusema kwa uwazi bila kuwadharau waliotutangulia. Tulipojenga viwanda vya nguo tulivijenga kwa mkono wa serikali. Urafiki ilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex na Mutex zikajengwa kanda ya Ziwa, Tabora ikapata kiwanda cha kusokota nyuzi, na nia ilikuwa njema, maana pamba yetu ilikuwa ikitoka ikiwa ghafi na kurudi kama kanga. Lakini kiwanda kikubwa cha umma hakina mtoto wa kukirithi. Mabwana meneja walibadilishwa kama wakuu wa wilaya, mashine zikachakaa, fedha za kigeni za vipuri zikakosekana, na milango ya biashara ilipofunguliwa mitumba ikaingia na kufunika yote. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Rwanda peke yake ikashikilia azma yake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa mavazi, na sisi wengine tukarudi nyuma. Viwanda vilivyosalimika aghalabu ni vile vya familia. A to Z ya Arusha, iliyoanza na nguo katika miaka ya 1960, imevuka misukosuko yote hiyo, na leo inajulikana Afrika nzima kwa vyandarua, ambavyo navyo ni kazi ya kufuma.

Basi tuje Sepuka. Mtu asiyeijua Singida hudhani kwamba nchi kavu haina baridi. Aje Juni au Julai, upepo unapopita juu ya uwanda huu wa alizeti na mtama kabla jua halijapanda, awaone watoto wakienda shule wamejikunyata, yule mwenye sweta akiwa nalo na yule asiye nalo akijifunika kanga ya mama yake mpaka karibu na lango la shule. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, nasi tunashukuru, lakini sare ni juu ya mzazi, na katika sare kitu cha ghali aghalabu ni sweta.

Sweta hilo si kitu kigumu kulifuma. Lina vipande vitano: mgongo, kifua, mikono miwili na ukosi. Fundi mwenye mashine ya mkono huanza na pindo la kiunoni, lenye mistari ya kuvutika, hupandisha kipande kwa kuhesabu safu, hupunguza sindano kwapani na shingoni, kisha huunga vipande kwa mshono na kukata ncha za nyuzi. Sweta la mtoto wa shule ya msingi humaliza uzi wa kama robo kilo. Shule yenye watoto 600 ambao kila mmoja angenunua sweta moja ingehitaji kilo 150 za uzi, na kazi ya nyumba mbili au tatu kwa miezi kadhaa, si kiwanda cha mabilioni. Uzi wenyewe, akriliki kwa sehemu kubwa, hutoka nje; kondoo wetu wa Kinyaturu wana nywele fupi zisizofaa kusokotwa, na pamba, ambayo wilaya ya Ikungi inailima, huondoka bila kusokotwa hapa. Lakini hata uzi ukinunuliwa mbali, kazi ya mikono, ambayo ndiyo ijara, ingebaki Sepuka.

Kwa nini basi haibaki? Kwa sababu mzazi hununua sweta mwezi wa Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, akiwa hana fedha na amebanwa na kila mahitaji, na fundi wa kijijini hana mtaji wa kununua uzi mwezi wa Septemba akautunza mpaka Januari akibahatisha rangi. Mwenye duka la mjini anao mtaji huo, basi yeye ndiye anayeuza, na sweta alilonalo limetoka mbali. Hapa ndipo ninaporudi kwa Corah na mnunuzi wake. Fedha za mzazi wa Sepuka hupatikana alizeti inapovunwa na kuuzwa, kati ya Juni na Agosti. Kamati ya shule ikikubaliana na wazazi wakati huo, rangi ikatajwa, vipimo vikachukuliwa, na nusu ya bei ikalipwa mkononi, fundi atanunua uzi bila kukopa na atafuma kwa miezi minne kwa utulivu. Hakuna sheria mpya inayohitajika, wala mfadhili.

Wako watakaosema kwamba ni heri mtumba wa bei nafuu. Siwalaumu, maana umaskini hauna hiari. Ila mtumba wa sweta la shule wenye rangi ile ile na ukosi ule ule ni nadra; ushindani wa kweli ni sweta jipya jepesi, ambalo hutanuka baada ya kufuliwa mara tatu, na fundi aliye jirani huweza kurudishiwa kazi mbovu akaitengeneza. Wako pia watakaosema kwamba kuipa oda nyumba moja ni upendeleo. Hilo ni neno la insafu na lafaa kujibiwa kwa utaratibu: bei itangazwe, sampuli zioneshwe mbele ya wazazi, na nyumba zaidi ya moja zigawane kazi. Lakini tusijifiche nyuma ya neno upendeleo huku fedha zote zikienda kwa mtu ambaye hata jina lake hatulijui.

Shauri langu la mwisho linahusu wastaafu. Mtu aliyetumikia jeshi miaka 20 au 30 anajua kuamka mapema, kuhesabu vifaa, kugawa kazi, kuandika taarifa na kuwajibika kwa walio chini yake. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, tangu mwaka 1963 limewafundisha maelfu kazi za mikono, na SUMAJKT, shirika lake la uzalishaji mali, lenyewe hushona sare. Mtu huyo hurudi kijijini na kiinua mgongo, akajenga nyumba, akanunua pikipiki ya biashara, na baada ya miaka michache maarifa yake yote yakalala. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 30 ya ununuzi wa umma, iliyotengwa kwa makundi maalumu, imewataja hao pamoja na wazee. Ni taratibu njema, na sina neno juu ya vikundi. Lakini taratibu hizo zinakijua kikundi, haziijui nyumba. Sajini mstaafu wa miaka 55, mke wake afumaye, na binti aliyemaliza kidato cha nne, si kikundi machoni pa sheria, ingawa kwa muda wa miaka 400 wafumaji wa dunia wamekuwa watu wa namna hiyo hasa. Halmashauri ya Ikungi ingeweza kulipeleka jambo hili juu kama pendekezo: kwamba familia iliyosajili biashara yake, inayofanya kazi ya viwanda katika kata yake, ihesabiwe sawa na kikundi, kwa masharti yale yale ya marejesho.

Waheshimiwa madiwani, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule wa kata ya Sepuka, nawaomba kwa taadhima: msingoje mwaka wa fedha ujao wala mradi kutoka Dodoma. Itisheni mikutano ya wazazi alizeti inapouzwa, wekeni rangi na bei ya sweta hadharani, na mtoe oda za Januari mwezi wa Agosti kwa mafundi wa hapa hapa.